Shalimar, Baccarat Rouge 540 au Interlude Man: ipi utakaa nayo hadi jioni?

Duka la manukato ni mahali pabaya pa kuchagulia manukato. Hewa imeshajaa harufu za wateja waliotangulia, kiyoyozi kinapuliza, na muuzaji amekunyooshea kijikaratasi cha kunusia huku akikutazama usoni aone kama utatabasamu. Unachonusa pale ni dakika za mwanzo, na dakika za mwanzo ndizo zinazouza chupa. Harufu utakayokaa nayo ni ile inayobaki saa tatu, nne baadaye, ukiwa kazini, ndani ya daladala, au harusini viatu vimeshaanza kubana.

Kwa hiyo hapa nitazipima chupa tatu za bei kubwa kwa kuzifuata zinavyoshuka kwenye ngozi, tangu tone la kwanza hadi mabaki ya usiku: Shalimar ya Guerlain, Baccarat Rouge 540 ya Maison Francis Kurkdjian, na Interlude Man ya Amouage. Mbili ni za Ufaransa, moja ya Oman. Nimezichagua kwa sababu tabia zao hazifanani. Shalimar hubadilika sana kati ya kuanza na kuisha. Baccarat Rouge karibu haibadiliki. Interlude huanza kwa fujo na kumaliza kwa upole ambao aliyeikimbia dukani hataujua kamwe. Zote tatu nazungumzia toleo lililoandikwa eau de parfum kwenye boksi (la uzito wa kati), isipokuwa nikitaja jingine.

Ngozi inafanya nini

Ukijipulizia, kinachoruka kwanza ni spiriti. Inachukua sekunde chache tu, na kunusa wakati huo ni kujichoma pua bure. Baada ya hapo molekuli za harufu hupanda hewani kwa zamu, nyepesi zikitangulia. Ndimu, chungwa na ndugu yao bergamoti ni nyepesi mno: zinavuma robo saa au nusu saa, kisha zimekwenda. Maua na viungo vingi hukaa saa kadhaa. Vanila, utomvu wa miti, miski na harufu za mbao ni nzito na hazina haraka, na kwenye nguo zinaweza kukusubiri mpaka kesho yake. Wafaransa hugawa safari hiyo mara tatu: kichwa, moyo na msingi.

Mgawanyo huo unasaidia, ila unapotosha kidogo, kwa sababu msingi haungoji zamu yake. Vanila ya Shalimar ipo tangu tone la kwanza, imefunikwa tu na bergamoti yenye sauti kubwa zaidi. Ndiyo maana mtu akisema "mwanzo siupendi lakini baadaye inakuwa nzuri", huwa namshauri arudi kunusa ule mwanzo tena. Mara nyingi ataikuta ile "baadaye" imejificha humo humo.

Kuna mambo mawili yanayobadilisha mwendo. La kwanza ni joto. Mchana wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat kila kitu kinakwenda mbio: kichwa cha manukato kinaisha upesi, harufu inatoka mwilini kwa nguvu na kuwafikia watu wa mbali, halafu inachoka mapema. Limuru mwezi wa Julai, au Toronto wakati wa theluji, chupa ile ile inakaa karibu na mwili na kufunguka polepole. La pili ni mafuta ya ngozi. Ngozi kavu humeza harufu na kuimaliza haraka. Ngozi iliyopakwa mafuta yasiyo na harufu, hata vaselini kidogo, huishikilia. Aliyejipulizia juu ya ngozi kavu kiangazi asilaumu chupa.

Ama ile kauli ya "kwenye mwili wangu inageuka kabisa", naiamini nusu. Ngozi inatofautisha kasi na ukali, hilo sina ubishi nalo. Lakini kinachobadilika zaidi ni pua. Pua ikikaa na harufu moja kwa muda huacha kuitaarifu, na harufu nyingine, hasa za molekuli kubwa za miski na ambari za maabara, kuna watu wasiozinusa kabisa tangu kuzaliwa. Watu wawili wanaweza kuvaa kitu kimoja, mmoja akasema kimeisha saa hiyo hiyo na mwenzake akaomba dirisha lifunguliwe. Hili litarudi kwenye Baccarat Rouge, na kwa kishindo.

Shalimar: ya zamani kuliko zote, na yenye safari ndefu

Shalimar ni kazi ya Jacques Guerlain, na ilionyeshwa Paris mwaka 1925 kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa ya sanaa za mapambo. Jina limetoka kwenye bustani za wafalme wa Mughal wa India, na hadithi inayouzwa pamoja nalo ni ya Shah Jahan na mkewe Mumtaz Mahal, yule aliyejengewa Taj Mahal. Chupa aliichora Raymond Guerlain, na waliotengeneza zile za kwanza ni kiwanda cha vioo cha Baccarat. Ndiyo, Baccarat yule yule ambaye karibu miaka 90 baadaye aliipa jina lake chupa ya pili kwenye ulinganisho huu.

Pulizia sehemu ya ndani ya mkono. Kinachokuja kwanza ni bergamoti nyingi kupita kiasi, tunda linalolimwa zaidi Calabria, kusini mwa Italia. Ni ukali wa ganda la ndimu lililokunwa, na uchungu kidogo nyuma yake. Wapo wanaokunja uso na kusema inanuka dawa ya kusafishia sakafu. Siwalaumu, maana sabuni nyingi za nyumbani zimetiwa harufu za jamii hii ya matunda. Wanaoirudisha chupa mezani hapo wanakosa kila kitu, kwa sababu baada ya dakika ishirini hivi ule uchachu unaanza kupasuka na moshi unapita katikati yake. Halafu inakuja harufu ya ngozi ya mkoba mpya, poda ya mzizi wa airisi, waridi na asumini ambazo hazijitokezi moja moja bali zinalainisha tu kingo.

Kufikia saa ya pili vanila imeshika usukani. Tafadhali usiifikirie vanila ya keki. Jacques Guerlain alitumia ethilivanilini, molekuli ya maabara yenye nguvu mara kadhaa kuliko vanilini ya kawaida, na hapa inakaa juu ya tonka, mbegu yenye utamu wa lozi, na opoponaksi, utomvu wa miti ya jamii ya manemane inayoota Somalia na Ethiopia. Matokeo yake ni utamu mweusi, wenye majivu. Chini kabisa kuna kitu cha kinyama, joto la mwili wa mtu. Zamani kazi hiyo ilifanywa na zabadi, ute wenye harufu kali wa mnyama ngawa, nyingi ikitoka Ethiopia. Siku hizi kampuni kubwa hutumia ya maabara. Ukiikaribia sana inaweza kukushtua, lakini hatua mbili mbali ndiyo inayoifanya Shalimar inukie kama mtu aliyevaa vizuri, si kama kitindamlo.

Inakaa saa nyingi kwenye ngozi. Kwenye nguo ndiyo usiseme: shela iliyovaliwa jioni moja na kufungiwa kabatini itakupokea wiki ijayo. Kimiminika chenyewe kina rangi ya kahawia, kwa hiyo usikipulizie moja kwa moja kwenye kanzu nyeupe au hariri ya rangi nyepesi.

Wenye pua za kisasa wana malalamiko mawili juu yake, na yote nayaona ya kweli. Moja, inajulikana kuwa ya "mama". Ukiwa na miaka 22 na unataka kunukia kama rika lako, haitakupa hilo. Pili, kwenye unyevunyevu wa pwani mchana, vanila yake inakuwa nzito hadi inachosha. Ni ya kuanzia magharibi. Guerlain huiuza kama ya kike, ila ule moshi na ngozi ya mkoba vinamkaa mwanamume vizuri sana, na ningependa kuwaona wengi zaidi wakiithubutu. Toleo jepesi, eau de toilette, lina ndimu nyingi zaidi na vanila inayochoka mapema. Kama joto ndilo linalokutisha, anzia hilo.

Baccarat Rouge 540: ile ambayo wewe huinusi

Baccarat ilipotimiza miaka 250 mwaka 2014 ilimwendea Francis Kurkdjian, mtungaji aliyejipatia jina tangu 1995 kwa Le Male ya Jean Paul Gaultier. Chupa aliyoitungia ilitolewa kwanza kama toleo dogo la kumbukumbu, kisha mwaka uliofuata ikaingia kwenye orodha ya kudumu ya kampuni yake mwenyewe. Namba 540 ni nyuzi za joto ambazo kioo kilichochanganywa na unga wa dhahabu hupata wekundu wake maarufu.

Safari yake nitaieleza kwa ufupi, maana safari yenyewe ni fupi. Zafarani, asumini inayopepea, sukari iliyoungua, mti wa mwerezi, na chini yake ambroksani, molekuli iliyokuja kushika nafasi ya ambari ya baharini. Vyote vinaingia pamoja, na vinakaa pamoja. Dakika ya kumi na saa ya tano zinatofautiana kwa sauti tu. Wimbo ni ule ule. Kwa mnunuzi hii ni faida kubwa isiyosemwa sana: hii ndiyo chupa pekee kati ya hizi tatu ambayo ukiipenda dukani, kuna uwezekano mkubwa utaipenda nyumbani.

Ambari, kwa taarifa ya wasioijua, ni biashara ya zamani sana ya pwani yetu. Al-Masudi, aliyesafiri bahari ya Zanj karne ya 10, aliisifu ambari ya huku kuwa bora. Ile iliyokuwa ikiokotwa ufukweni, iliyotoka tumboni mwa nyangumi, ilikuwa na chumvi, tumbaku na kitu cha mwani mkavu. Ambroksani imechukua ule mng'aro wake na kuacha uchafu wote. Ni safi mno, karibu ya chuma.

Aliyewahi kusimama jikoni Unguja udi ukipikwa ataijua Baccarat Rouge hata kabla hajaambiwa jina. Sukari inayeyuka sufuriani, inaanza kubadilika rangi, na kuna nukta ya dakika chache, kabla vipande vya udi havijatiwa, ambapo nyumba nzima inanukia utamu ulio karibu kuungua. Kurkdjian ameikamata nukta hiyo na kuirefusha siku nzima. Tofauti ni kwamba kwenye udi wetu utamu ule unakwenda mahali, unaishia kwenye moshi na mbao. Hapa hauendi popote. Unabaki ukielea, mwepesi na wa baridi, na kwa pua nyingine unageuka kuwa harufu ya hospitali au dawa ya kidonda. Zafarani ikikutana na ambroksani huweza kufanya hivyo. Jaribu kwanza. Wanaoinusa hivyo huwa hawaachi kuinusa hivyo.

Sasa lile jambo la pua. Wavaaji wengi wa Baccarat Rouge huacha kuinusa ndani ya nusu saa, wakadhani imeisha, wakaongeza. Wakati huo jirani yao ameshainusa tangu mlangoni. Mwanzo unajiuliza mbona umetoa pesa yote hii kwa kitu kisichodumu, kumbe kila uliyepita karibu naye anajua ulikopita. Mipulizo miwili inatosha. Mitatu ni kwa nje, penye upepo.

Tatizo lake kubwa halimo ndani ya chupa. Ni kwamba imeenea. Kila uwanja wa ndege, kila harusi ya mjini, kila lifti ya Dubai ina mtu aliyevaa ama yenyewe ama kitu kilichotengenezwa kuifuata. Cloud ya Ariana Grande, iliyotoka 2018, na Red Temptation ya Zara hutajwa nayo kila siku, na maduka ya mafuta kutoka Kariakoo hadi Deira ya Dubai yana lao la kuifananisha. Nakala hizo haziko sawa nayo: nyingi zina sukari zaidi na hewa kidogo, na mwishoni zinabaki kama peremende. Lakini hatua tatu kutoka kwako, mtu wa kawaida hatofautishi. Kwa hiyo kama unachotaka ni watu wakuulize "umejipulizia nini?", anza na ya bei ndogo, uvae mwezi mzima, uone kama bado unaitaka. Kama baada ya hapo unausikia upungufu wake, basi pesa yako haitapotea ukinunua yenyewe. Toleo zito zaidi, extrait, lina lozi chungu na mbao nyingi zaidi, na kwangu ndilo lenye safari kidogo. Bei yake pia ina safari.

Interlude Man: vumilia saa moja

Amouage ilianzishwa Oman mwaka 1983 kwa matakwa ya Sultan Qaboos, aliyetaka sanaa ya manukato ya nchi yake iende ulimwenguni. Manukato yake ya kwanza, Gold, yalitungwa na Mfaransa Guy Robert. Interlude Man ilikuja 2012, mkono wa Pierre Negrin, chini ya usimamizi wa Christopher Chong. Chupa ya buluu iliyoiva, na kizibo chenye umbo la mpini wa jambia.

Pulizo la kwanza ni vita. Oregano kavu kwa gao, pilipili, bergamoti inayosikika kwa mbali kama mtu anayejaribu kuongea sokoni, na moshi mzito tayari umeshaingia. Mnusishe mgeni bila kumtayarisha, atarudi nyuma. Wala si nzuri kwa maana ya kawaida ya neno. Ni kali, chungu, inakwaruza koo, na inaendelea hivyo kwa nusu saa hadi saa nzima, zaidi kwenye baridi. Hii ndiyo chupa ambayo kijikaratasi cha dukani kinaidhulumu kuliko zote, kwa sababu karatasi haina joto la kuisogeza mbele. Oregano inakwama pale pale.

Kwenye ngozi inasogea. Majani yanakauka, na ubani unasimama. Oman ndiyo nchi ya ubani. Milima ya Dhofar, kusini, ina miti yake mashuhuri, na maeneo ya biashara yake ya kale yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000. Kwa msomaji aliyekulia nyumba yenye chetezo, nukta hii haihitaji maelezo: ni chumba kilichofukizwa asubuhi, mapazia bado yameshika. Pembeni ya ubani kuna labdani, utomvu wenye utamu wa asali iliyokolea, kisha ngozi ya mkoba, pachuli, sandali na udi. Saa ya nne au ya tano zimeshasukana hivi kwamba huwezi kuvuta uzi mmoja. Kinachobaki ni moshi mtamu, mkavu, mtulivu, na utakwenda nacho hadi kulala. Kwenye koti, hesabu siku.

Kuna kitu ambacho wauzaji hawakitaji kamwe na mimi nakiona muhimu kwa anayesita kati ya chupa hii na Shalimar. Zote mbili zina opoponaksi. Ndiyo sababu miisho yao ina undugu: utamu wenye majivu, ulio karibu na manemane, ambao mmoja umeupata kupitia vanila na mwingine kupitia ubani. Ukipenda mwisho wa Shalimar lakini poda yake ikakushinda, nenda Interlude. Ukipenda mwisho wa Interlude lakini ofisi yako haiwezi kustahimili mwanzo wake, rudi Shalimar.

Na ofisi haitastahimili, hilo niwe wazi. Wala basi la Ubungo, wala chumba cha mkutano chenye madirisha yasiyofunguka. Pulizo moja chini ya shati, saa moja kabla ya kutoka, ndiyo njia ya kistaarabu. Ukijipulizia mlangoni na kwenda moja kwa moja kwenye Ijumaa, safu tatu zitajua umefika. Imeandikwa ya kiume. Wanawake waliozoea kufukiza nguo huwa wanaivaa vizuri kuliko sisi, kwa sababu moshi haujawahi kuwatisha.

Ukiziweka bega kwa bega

Kwa kudumu, Interlude iko juu, hakuna mjadala. Shalimar na Baccarat Rouge zinafuatana kwa karibu, ila moja utaisikia mwenyewe na nyingine utaisikia kwa midomo ya watu.

Kwa joto la mchana, ukweli ni kwamba hakuna hata moja kati ya hizi iliyotungwa kwa ajili ya Februari ya Mombasa. Ukilazimishwa, vaa Baccarat Rouge, pulizo moja. Wepesi wake unaivusha pale ambapo nyingine zinakuwa blanketi. Jioni ya baridi, Arusha au Nairobi, Shalimar na Interlude zinarudi kwenye hadhi yao na Baccarat Rouge inaonekana nyembamba.

Kwa zawadi, hasa kama humjui vizuri unayempa, Baccarat Rouge ni salama kwa sababu haibadiliki. Kumpa mtu Interlude bila kujua anapenda moshi ni kumpa kazi. Shalimar kwa mama au shangazi ni tendo jema, lakini uliza kwanza kwa ujanja kama aliwahi kuwa nayo. Mara nyingi utaambiwa hadithi, na hadithi ndiyo itakayokuambia kama anaitaka tena.

Kwa pesa, bei hubadilika kila msimu na kila nchi, ila uwiano haubadiliki sana: mililita ya Shalimar huwa chini ya nusu ya mililita ya Baccarat Rouge, na Interlude inakaa upande wa ghali. Hapo ndipo mimi ninapoegemea. Ningekuwa na uwezo wa kununua moja tu, ningechukua Shalimar, na si kwa ajili ya bei peke yake. Kati ya hizi tatu ndiyo inayokupa vitu vingi kwa pulizo moja: ndimu ya mchangamko, moshi wa kati, vanila ya usiku. Interlude ningeipenda kama chupa ya pili. Baccarat Rouge ningeiazima.

Asiyetumia spiriti kwenye mwili ajue kwamba zote tatu zinayo. Amouage hutengeneza pia atari za mafuta matupu, na huko ndiko kwa kuangalia badala ya kuhangaika na chupa hizi.

Jinsi ya kujaribu bila kudanganyika

Oga, usijipake losheni yenye harufu, na uende dukani ukiwa hujajipulizia chochote. Weka moja kila mkono, mbili tu kwa siku. Ya tatu ngojea safari nyingine. Usisugue. Kusugua kunapasha ngozi joto na kuharakisha ile sehemu ya mwanzo uliyokuja kuisikiliza. Kijikaratasi pia chukua, uandike jina, ukiweke mfukoni: kesho asubuhi kitakuonyesha msingi kwa utulivu kuliko ngozi iliyotoka jasho. Zile punje za kahawa wanazokunusisha katikati hazikusaidii lolote kuliko kunusa mkono wa shati lako mwenyewe.

Halafu ondoka dukani. Hii ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu muuzaji ana punguzo la leo tu. Nenda ukale, upande basi, ufanye shughuli zako. Jioni mwombe mtu wa nyumbani akunuse mkono mmoja mmoja bila kumwambia kipi ni kipi wala kipi ni cha bei gani. Sikiliza neno lake la kwanza, si la pili.

Kuhusu bandia: Baccarat Rouge inaghushiwa sana, hadi boksi, plastiki na namba ya toleo chini ya chupa. Chupa "halisi" kwa robo ya bei, kwenye mtandao wa kijamii, na muuzaji anayekwepa kukutana dukani, hiyo jibu lake unalo. Chupa ya kweli nayo inaharibika ukiiacha juani au kwenye gari. Bergamoti ya Shalimar ndiyo itakayoanza kuchacha, kwa hiyo iweke kabatini ndani ya boksi lake, na si bafuni.

Na usikimbilie chupa kubwa. Shalimar inapatikana ya mililita 30, Baccarat Rouge ya 35, na Interlude ya 50. Kwa pulizo moja au mbili kwa jioni, hiyo ndogo itakufikisha mbali kuliko unavyodhani. Wauzaji wanaopima kwenye vichupa vya mililita 2 au 5 nao wanafaa, mradi umeiona chupa wanayopimia.